Madaraja ya mbao yenye paa: hivi waliyaezeka kwa nini? Na ndani mnapigaje picha?

BwanaLenzi #1
Wakuu salama? Niko Concord, New Hampshire, mwaka wa tano huu, na kila mwezi wa kumi majani yanapogeuka rangi nabeba kamera naingia barabarani. Jumamosi nimefika daraja la Cornish–Windsor kwenye mto Connecticut, la mwaka 1866, futi 449 yaani kama mita 137, mbao tupu, juu limeezekwa kama nyumba na ubavuni limezibwa kwa mbao, ukiingia na gari unajiona umeingia kwenye ghala refu lisiloisha. Mlangoni kuna kibao kinakwambia mwendeshe farasi wako taratibu, la sivyo faini dola 2. Nimekaa pale masaa matatu sikumbuki hata kula.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, hili paa ni la nini? Niliuliza watu wanne pale pale nikapata majibu manne, mmoja kasema theluji, mwingine kasema farasi wasione maji wakaogopa, bibi mmoja kasema wasafiri wapate pa kujikinga na mvua, na kijana wa duka la kahawa kasema ni vijana wapate pa kubusiana. La pili ni kwa wapiga picha wenzangu. Ndani ni giza totoro na mlango wa upande wa pili ni mweupe pe, nikipima mwanga wa ndani nje kunaungua, nikipima wa nje ndani panakuwa shimo. Mnafanyaje?

Na hilo ndilo daraja la mbao lenye paa refu kuliko yote duniani, nimejivunia kulivuka.

Kizibo #2
Theluji mkuu, hata si swali. Paa lina mteremko, theluji inaporomoka mtoni, daraja halielemewi. Kule inashuka theluji ya kufika kiunoni, ungefanyaje bila paa?

Mshumaa86 #3
Kizibo hapana. Enzi hizo wakati wa baridi watu hawakutumia magari ya magurudumu, walitumia yale ya kuteleza yanayovutwa na farasi, sasa ukifika darajani chini ni mbao kavu, chombo hakitelezi. Ndiyo maana vijiji vililipa watu wachukue koleo wajaze theluji NDANI ya daraja ili njia iteleze. Yaani mtu ameajiriwa kuingiza theluji, halafu useme paa lilijengwa kuizuia?

Na BwanaLenzi, samahani nikusahihishe, refu kuliko yote duniani ni la Hartland kule New Brunswick, Canada, futi 1,282, mita 391. Hilo lako wanalihesabu la kwanza kwa yale yenye nafasi mbili tu, maana katikati lina nguzo moja. Hata Marekani kwenyewe kuna la Ohio, Smolen–Gulf, la mwaka 2008, futi 613.

BwanaLenzi #4
Nimepokea masahihisho mkuu, asante. La 2008 lakini jipya hilo, mimi nazungumzia ya wazee.

Kizibo #5
Kuingiza theluji kidogo ili wateleze ni jambo moja, kuzuia lundo la tani nyingi ni jambo lingine. Sijaondoka hapo.

SeremalaMafinga #6
Ngoja niingie na mimi maana mbao ndiyo chakula changu. Nipo Mafinga, nimepasua na kuunga mbao miaka ishirini na kitu. Nendeni mkaangalie nguzo ya ua wowote wa shamba uliokaa muda. Inaozea wapi? Juu kabisa haiozi, chini kabisa ndani ya udongo nako mara nyingi ngumu, inaozea pale usawa wa ardhi, pale inapolowa ikakauka, ikalowa ikakauka. Mbao inayokaa kavu muda wote inadumu, na gogo lililozama muda wote nalo linadumu, ila hiyo lowa-kauka ndiyo inayoua, kuvu anapata maji na hewa kwa pamoja anakula taratibu.

Sasa daraja la namna hiyo lina nini ndani? Picha ya mleta mada naona kenchi, kenchi kubwa kama za paa ila zimesimama mbili, moja kila upande, na ndizo zinazobeba kila kitu. Kenchi ina maungio kwa mamia, ulimi umeingia kwenye tundu, na kila tundu ni kikombe cha kutegea mvua. Maji yakiingia pale hayatoki, jua haliwezi kuyafikia, unaozea ndani huku nje mbao inang'aa. Siku unagundua ni siku lori limeshazama. Kwa hiyo paa si la mtu wala la farasi wala la theluji, ni la kenchi. Na wakati ule hakukuwa na mbao za dawa kama tunazouza sasa, dawa yao ilikuwa paa. Mbao za paa na za ubavu ni nyembamba, zikioza unang'oa unapigilia nyingine kwa siku moja. Boriti kuu ikioza unabomoa daraja.

Mshumaa86 #7
Seremala umeua. Na ushahidi upo wa maandishi. Daraja linalohesabiwa la kwanza Marekani kuezekwa ni lile la Philadelphia juu ya mto Schuylkill, lilifunguliwa Januari mosi 1805, mjenzi Timothy Palmer. Jaji Richard Peters wa kampuni ya daraja ndiye aliyeshikilia lifunikwe. Palmer mwenyewe alimwandikia kwamba likiachwa wazi litakufa ndani ya miaka 10 au 12, likifunikwa vizuri litafika 30 hata 40. Huyo ndiye aliyelijenga, hakutaja farasi.

Shemeji_wa_Malindi #8
Naunga mkono seremala kwa mfano wa nyumbani. Lamu mlango wa nje unawekewa daka, ile sehemu ya mbele yenye kivuli, kuna baraza za kukalia. Mtu atasema daka ni la watu kukaa wapige soga, kweli wanakaa, ila na ule mlango wa nakshi unapona mvua na jua. Vitu viwili kwa paa moja. Kwa hiyo nyinyi mnagombania sababu moja ya nini, fundi mwenye akili anaua ndege wengi.

MamaFuraha_Lancaster #9
Bandugu, hamjambo. Mimi ni wa Uvira ila naishi Lancaster, Pennsylvania, na hapa Pennsylvania ndiyo kuna mengi kuliko jimbo lolote la Amerika, karibu mia mbili. Hapa jirani zangu ni Waamishi, Wakristo wa dhehebu linaloishi kizamani, mpaka leo wanatembea na farasi. Kwa hiyo ile habari ya farasi naiona kwa macho yangu kila siku. Farasi wa Waamishi anapita daraja la saruji la wazi, maji anayaona chini, magari yanamkimbilia pembeni, na haogopi kitu. Halafu anapoingia lile lenye paa ndiyo anakaza masikio, kwa sababu ndani ni giza na kwato zinapiga kelele sana. Sasa mniambie, nani anamwogopesha farasi, maji au paa?

Na kwa wapiga picha, mukija huku musiwapige Waamishi nyuso, hawapendi, dini yao inakataa. Pigeni kigari kikiwa mbali kimetupa mgongo, inatosha na inapendeza.

DerevaSemi_DSM #10
Mama Furaha farasi wa leo amezoea, wa 1830 alikuwa katoka shamba moja hadi jingine hajui mto mkubwa. Mzee mmoja wa Iowa mwenye farasi aliniambia ukimwonyesha farasi kitu kama banda anaingia mwenyewe, maana banda ni nyumbani, ni chakula. Na ukiliangalia daraja kwa mbele kweli ni banda tupu, umbo lile lile, rangi ile ile nyekundu.

Mimi nipo Des Moines, naendesha semi, yaani lori la trela, na wilaya ya Madison iko karibu tu kusini magharibi yetu. Yalikuwa 19, yamebaki 6. Watu wanamiminika pale kwa sababu ya ile filamu ya The Bridges of Madison County lakini mimi nawaambia nendeni Roseman la 1883 asubuhi mapema kabla ya mabasi. Kizibo hili ni lako sasa: Roseman paa lake ni BAPA. Halina mteremko wa maana. Theluji inakaa juu kama keki. Na pale wanaeleza kwamba wakubwa wa wilaya ndio walioamuru yafunikwe kwa sababu mbao kubwa za sakafu zilikuwa ghali kuliko mbao za kufunika ubavu na juu. Yaani ni hesabu ya hela.

Nina kisa kingine. Mwaka juzi usiku ramani ya simu ikanipitisha njia ya mkato Vermont, nakuja kuona kibao cha kimo cha daraja naona trela langu halipiti hata kwa dawa. Nilirudi kinyumenyume karibu maili nzima, gizani, barabara ya kijiji, mvua. Polisi alikuja kunimulikia, akaniambia kuna daraja mji wa Lyndon, la Miller's Run, malori yanaligonga kila mara. Madereva wenzangu, namba ya ule ubao muiheshimu, lile daraja limesubiri miaka mingi usije ukaliua wewe kwa dakika moja.

Kizibo #11
Dereva, Iowa siyo New England, yale majimbo ya kaskazini mashariki. Nenda Vermont uone mapaa yalivyo na mteremko mkali. Kwa nini huko wameyasimamisha?

SeremalaMafinga #12
Kwa sababu PAA lenyewe lisivunjike Kizibo! Ukishaamua kuweka paa kwenye nchi ya theluji lazima uliweke mteremko. Hiyo inaeleza umbo la paa, haielezi kwa nini paa lipo.

Kizibo #13
Haya hapo kidogo umenigusa. Kidogo.

TZ_Guangzhou #14
Nyie mmebaki Marekani tu. Mimi nafanya biashara Guangzhou, mwaka mmoja nilienda Guangxi kwa Wadong, kabila la kule, kuna daraja la Chengyang, wanaliita daraja la upepo na mvua, la miaka ya 1910 huko. Juu lina minara mitano kama ya hekalu, ndani pande zote benchi ndefu, wazee wanakaa wanavuta tumbaku, akina mama wanauza nguo za kufuma. Pale ukisema paa si la watu watakushangaa. Na kule Fujian na Zhejiang kuna yale ya upinde, magogo yamefumwa yanapishana kama ukili wa mkeka, na mafundi wa kule wanasema uzito wa paa ndio unaoyakandamiza magogo yashikane mafuriko yasiyanyanyue. UNESCO waliuweka ufundi huo 2009 kwenye orodha ya vitu vya kuokolewa haraka. Mwezi wa nane 2022 daraja la Wan'an huko Fujian liliungua lote, nilikuwa nimepanga kwenda, roho iliniuma.

SeremalaMafinga #15
TZ_Guangzhou hilo la uzito nakubali kwa upinde wa kufuma, ule unahitaji kukandamizwa usifumuke. Ila kwa kenchi za Kimarekani uzito wa paa ni mzigo tu unaoongezwa juu ya mzigo. Ingawa paa likifungwa vizuri linasaidia kenchi mbili zisiyumbe, hapo kuna nguvu fulani.

TZ_Guangzhou #16
Kwa hiyo umekubali paa lina kazi zaidi ya kukinga maji.

SeremalaMafinga #17
Nimekubali linasaidia. Sijakubali ndiyo sababu.

Nuru_ya_Jioni #18
Tumesahau swali la pili jamani, BwanaLenzi kauliza picha. Mimi napiga nyumba za kale Mombasa, giza la ndani na mwanga wa nje ni vita vile vile ukiwa ndani ya mlango wa Old Town saa sita mchana. Fanya hivi. Usiende jua likiwa kali. Nenda siku ya mawingu, au dakika ishirini baada ya jua kuzama, nje kunashuka mwanga hadi unakaribiana na wa ndani. Weka tripodi, ISO 100 (kiwango cha chini cha kamera kuhisi mwanga), piga tatu bila kusogea, moja ya nje, moja ya katikati, moja ya ndani, uziunganishe nyumbani, ila usizidishe mpaka mbao zing'ae kama plastiki, ndani ya daraja ni pa giza na picha iseme hivyo. Kama unataka jua basi litumie jua lenyewe, likiwa limelala asubuhi linapenya kwenye nyufa za ubavu linachora mistari sakafuni, hapo pima ile mistari mingine yote iache iwe nyeusi. Nje tumia filta ya polaraiza, izungushe taratibu, mng'ao wa maji unaondoka na majani mekundu yanakolea. Na usisimame barabarani! Shuka mtoni upande maji yanakoelekea, piga kutoka chini uone nguzo.

BwanaLenzi #19
Hii ndiyo nilikuwa naitafuta, ubarikiwe. Tripodi kweli siwezi kuweka katikati ya Cornish–Windsor, magari yanapita muda wote na kwa miguu hakuna njia. Nitatafuta dogo la kijijini kwa picha ya ndani.

Albany_Mkongwe #20
Nimesoma uzi wote nikasema na mimi niseme langu. Mwaka 2009 nilipita Blenheim, jimbo la New York, daraja la 1855, njia mbili sambamba na kenchi ya tatu katikati inayopanda kwa upinde mpaka juu chini ya paa. Nilikuwa na haraka. Nilipiga picha moja ya mlango kutoka kwenye gari, nikaondoka, nikajisemea nitarudi niingie ndani. Tarehe 28 Agosti 2011 kimbunga Irene kikaleta mafuriko na mto ukalibeba lote. Miaka 156 lilikuwa pale na mimi nilikosa dakika kumi za kuingia. Wamelijenga upya 2018, zuri, mafundi wamelifuata lile la zamani, nimeshaenda mara mbili. Lakini ule mti aliouchonga fundi wa 1855 sina picha yake hata moja. Nina picha ya mlango.

Kwa hiyo BwanaLenzi acha kwanza ya majani mekundu. Ingia ndani, piga maungio, piga kila tundu na ulimi wake, piga majina waliyochora watu kwa kisu. Picha ya nje kila mtalii anayo.

MamaFuraha_Lancaster #21
Pole sana ndugu. Kweli kabisa.

Mshumaa86 #22
Inaumiza. Lucerne Uswisi hivyo hivyo, Kapellbrücke la karne ya 14, usiku mmoja wa Agosti 1993 moto ukala sehemu kubwa pamoja na michoro mingi ya karne ya 17 iliyokuwa chini ya paa. Hapo ndiyo utaona paa linaokoa mbao na mvua halafu linaipa moto njia. Na lile la Lucerne lilikuwa pia sehemu ya ngome ya mji, kwa hiyo kuna na sababu ya vita.

Kizibo #23
Sababu ya sita hiyo sasa 😂 mvua, farasi, theluji, uzito, soga, vita.

Shemeji_wa_Malindi #24
Na kubusiana, usiwatoe vijana.

DerevaSemi_DSM #25
La kubusiana lina historia ujue. Hartland, lile refu la Canada, lilifunguliwa 1901 likiwa WAZI kabisa. Barafu ya mto ikaangusha sehemu yake 1920, likatengenezwa na kufunguliwa tena 1922 likiwa limefunikwa, na inasimuliwa kuna watu wa dini walipinga, wakisema vijana watapata pa kujificha na maadili yataharibika.

Nuru_ya_Jioni #26
Subiri dereva, hiyo ni hoja kubwa umepita nayo mbio. Kama walivuka miaka 20 bila paa na farasi, basi farasi walivuka bila kuogopa.

DerevaSemi_DSM #27
Duh. Nimejifunga mwenyewe. Ila na seremala naye ajibu, mbao za wazi miaka 20 mbona hazikuoza?

SeremalaMafinga #28
Zilianguka kwa barafu, hatujui ndani ya maungio zilikuwaje. Na walipozirudisha waliziezeka. Watu waliokwisha kugharamika mara moja hawafuniki kwa mapenzi ya paa.

BwanaLenzi, naomba kitu. Ukirudi Cornish nipigie kenchi kwa karibu, nataka kuona ni mbao bapa au boriti.

BwanaLenzi #29
Ninazo tayari, nimepandisha tatu. Mtindo ni wa Ithiel Town, alisajili hataza yake 1820, mbao zimepishana kimia kama wavu. Kwa kawaida mtindo wa Town ni mbao bapa zilizoshikwa kwa vigingi vya mbao, raha yake ni kwamba hauhitaji boriti kubwa wala fundi bingwa. Lakini hili James Tasker na Bela Fletcher walitumia boriti za mraba. Walizipanga kwanza uwanjani kando ya kijiji cha Windsor ndipo wakahamishia mtoni. Gharama dola 9,000. Na kabla yake pale palishapita madaraja matatu, 1796, 1824 na 1828, yote yakachukuliwa na mafuriko.

SeremalaMafinga #30
Nimeikuza picha ya pili hadi mwisho. Angalieni pale boriti mbili zinapokutana, zimechongwa mdomo kwa mdomo, karatasi haipiti. Kwa msumeno wa mkono na patasi! Na mbao ina rangi ile ya asali ya mbao kavu, haina doa jeusi hata moja. Mwaka 1866 mpaka leo. Vijana wangu wa karakana nimewaita wote waje waone kwenye simu.

Kizibo #31
Seremala nimeona na mimi. Kazi imetulia. Lakini swali langu jipya: kama lengo ni mbao zisilowe, kwa nini mengine yana madirisha ubavuni na mengine yamezibwa mpaka juu? Mvua ya upepo si inaingia dirishani?

Shemeji_wa_Malindi #32
Mwanga, mtu asigongane na gari la mbele.

TZ_Guangzhou #33
Upepo upite, daraja lisisukumwe kama tanga.

SeremalaMafinga #34
Hewa, mbao ikauke haraka hata ikilowa. Ila nangoja mwenye picha ya dirisha kwa ndani, nione kama boriti ya chini yake ina doa.

BwanaLenzi #35
Jumamosi naenda Bath, huku huku New Hampshire, kuna la 1832. Nitaondoka saa kumi na moja alfajiri na tripodi. Kama lina dirisha nitakupigia boriti ya chini yake, seremala, juu na chini.